Salamu ya Shangazi Kiwanjani

Bwejuu, Unguja
Jumamosi asubuhi, 9 Agosti 2025

Mpendwa Dada Salhiya,

Shangazi Mwamvua kanitolea salamu na miye sikuitika. Juzi hiyo. Nilikuwa nshanyanyua fimbo, mpira uko chini, na Mwalimu Anuar anonifundisha gofu kasimama nyuma yangu kanikodolea macho. Shangazi akairejea salamu, "Wee Simai, asalaam aleikum." Nikanyamaza. Nikapiga, mpira ukenda vichakani, na kina mama wote wa mwani wakapita wananitazama kama mtu wanomuona siku ya mwanzo.

Nisamehe dada, nimeanza na yangu kabla sijakuamkia. Shikamoo. U hali gani, na shemegi, na watoto? Joto la Maskati limepungua? Sisi huku wazima. Mama mguu bado unamuuma lakini anatembea. Barua hii nampa Borafya, anasafiri kesho kuja huko.

Sasa nikwambie vizuri. Unajua nnakata majani kwenye hoteli ile ilojengwa juu ya njia yetu ya pwani. Wana kiwanja cha gofu, na wafanyakazi tumeruhusiwa kucheza asubuhi. Wananambia mkono wangu mzuri. Leo wanachagua mtu mmoja wa kwenda Moshi kwenye mashindano, na tumebaki miye na Suhaib wa jikoni. Nataka kwenda, dada. Sijamwambia mtu, nakwambia wewe.

Tabu ni ile njia. Maji yakitupa, pwani ikakauka, kina mama wanakatisha kiwanjani kwenda kwenye mwani wao, na nani atapita asisalimu? Zamani nilikuwa naweka fimbo chini, naitika. Shangazi anauliza mama kaamkaje, mguu vipi, yule mbuzi keshazaa. Wakishapita nanyanyua fimbo napiga tu, bila ya kufikiri, na mpira unakwenda kukaa karibu na shimo. Mwalimu Anuar anakasirika. "Umekuja kucheza au kupokea wageni wa harusi?" Akasema nikiweka tena fimbo chini nisihesabu safari. Ndo juzi nikanyamaza.

Jioni Shangazi kaja kwa mama. Hakugomba. Kasema tu, "Mwanao keshakuwa mzungu, salamu yangu imeanguka chini." Tokea hapo mama chai ananipa kimya kimya.

Jana kaja bingwa, Bi Tabia, anakaa Dar es Salaam, vikombe kashinda mpaka nje. Nilitaka kumuuliza, nikaishia kupiga mipira tu. Yeye ndiye aloniuliza mbona nimekaza mabega kama nimebeba gunia. Nikamueleza. Akacheka mpaka akakaa chini. Kasema mazoezi anafanya kila siku hata yakimchosha roho, mpira ule ule, pahala pale pale. Lakini siku ya kucheza anacheza kama alivokuwa akicheza rede utotoni, maana raha ikiondoka na mikono inasahau. "Ukisalimiana ndo mabega yanashuka," kanambia. Nikamuuliza, basi niwaitike? "Hilo ujue mwenyewe, mie si shangazi yako."

Hapo ndo nimechanganyikiwa zaidi. Raha nitaipataje na huku nataka kushinda? Na nikiitika kwa ajili ya mabega, si kwa ajili ya Shangazi, hiyo ni salamu kweli? Nikilala nafikiri hivi, nikiamka vile. Suhaib kwao Malindi, mjini, hapo njiani hapiti ndugu yake hata mmoja. Yeye anapiga tu. Hata sijui nimuonee wivu au nimuonee huruma.

Nisalimie shemegi Amour, na Faiza, na Wanu mwambie mjomba wake anamkumbuka. Mungu akuwekeeni afya na akurejesheni nyumbani salama.

Wacha niondoke sasa hivi. Leo bamvua, maji yatatupa sana, na zamu yangu ya kupiga imeangukia saa ile ile ya kina mama kushuka pwani. Nnakwenda kusimama mlangoni kwa Shangazi nimuamkie, nimtake radhi, na wenzake wote niwasalimu kabla hawajatoka, habari za mguu na za mbuzi niwape huko huko. Sijui kama wakinikuta kiwanjani hawatonisalimu upya.

Mdogo wako akupendae na asojua kusema,
Simai