Mdomo, Kidole, Jicho

Jumatatu, 1 Agosti
Siku ya tatu tangu tumzike mama. Sijalia. Hapa kisiwani kwetu, Neiafu, kila mtu amelia, hata mchungaji. Mimi nimefunga mkeka wa msiba kiunoni, nimekaa. Kaka yangu Semisi aliuliza kutoka mlangoni kama nimekula — haingii alipo dada yake, ndivyo tulivyolelewa. Nikasema nimekula. Uongo.

Mdomo unawasha pembeni.

Jumatano, 3 Agosti
Malengelenge mdomoni, manne. Huja nikichoka, tangu utotoni.

Nimerudi kusuka na wanawake, ukumbi wa kanisa. Mkeka wa mama umebaki nusu. Shangazi Kalolaine ameamua uishe kabla ya Jumamosi tarehe 20, tunapovua msiba, utandikwe mbele ya ukoo. Kwetu neno la shangazi halina rufaa.

Lose, anayesuka kando yangu, akaniuliza nimembusu nani msibani. Wakacheka. Nikacheka pia.

Jumatatu, 8 Agosti
Upepo umekausha chane za mkadi, majani tunayosukia. Nalamba kidole gumba, navuta. Nalamba, navuta. Mama alifanya hivyohivyo miaka hamsini. Gumba limevimba kando ya ukucha. Labda mwiba.

Jumatano, 10 Agosti
Si mwiba. Malengelenge kama ya mdomoni, yamejaa maji. Yanadunda. Wiki hii sijahisi kingine chochote.

Nilifunga kitambaa, kikateleza, nikakitupa. Lose alidhani nimesinzia. Akamnong'oneza mwenzake kwamba huyu ana roho ngumu, mama kafa, jicho kavu.

Jumamosi, 13 Agosti
Vumbi la majani liliniingia jicho la kushoto. Nikalipikicha. Kwa gumba lilelile.

Jumatatu, 15 Agosti
Jicho jekundu. Mwanga unachoma.

Jumanne, 16 Agosti
Zahanati. Nesi ni Lupe, tulisoma darasa moja. Alitazama mdomo, akatazama gumba, akatazama jicho. Muda mrefu.

"Telesia, ni virusi vilevile," akasema. "Vimetoka mdomoni vikaingia kidoleni, kidole kikavipeleka jichoni. Umevibeba mwenyewe."

Nikauliza kama ni ule ugonjwa wa aibu. Akasema ule ni ndugu yake. Huu wangu watu wengi wanao, hupatikana utotoni, mara nyingi kwa busu la mzazi. Mama naye malengelenge yalikuwa yakimtoka mdomoni. Nilikumbuka hilo bila kusikia chochote moyoni.

Amenipa vidonge. Nisilambe kidole tena, kila mtu na taulo yake. Jicho linamtaka daktari wa macho, mji mkuu Nuku'alofa, ndege ya Alhamisi. Nikichelewa litabaki na kovu, na uchane mwembamba sitauona tena.

Mkeka bado shibiri tatu. Nimesema nitafikiri.

Alhamisi, 18 Agosti
Ndege imepita juu ya ukumbi saa tatu asubuhi. Sikuinua kichwa.

Gumba lina plasta. Chane nalowesha kwa kitambaa chenye maji — sasa ndio nimejifunza! Jicho la kushoto halioni ila ukungu. Nalifumba, nasuka kwa la kulia. Imebaki shibiri moja.

Shangazi amekuja kukagua. Akanishika kidevu, akauinua uso wangu. Maji yalikuwa yanatiririka.

"Hatimaye," akasema. "Umemlilia mama yako."

Mikono yote ikaacha kusuka. Semisi mlangoni akainamisha kichwa. Shangazi akanifuta jicho kwa leso yake, polepole, kama anamfuta mtoto. Lose akaanza wimbo, huku ananitazama kwa huruma. Wiki tatu sijatazamwa hivyo.

Ni jicho moja tu lililolia. Hakuna aliyeangalia la pili.

Wanaimba bado. Nimechukua daftari la vipimo, naandika humu, wanadhani nahesabu chane. Nikisema ni virusi, si kilio, nitakuwa tena yule mwenye jicho kavu. Shangazi amekaa mbele yangu, leso ileile iliyonifuta ameikunja mkononi. Ubeti wa tatu, ule alioupenda mama. Macho ya shangazi yamejaa machozi. Anaikunjua