Dakika Ishirini za Kitabu cha Zamu

Chumba Na. 7,
Mabweni ya Wafanyakazi wa Gesi,
9 Juni.

Mpendwa Dada,

Shikamoo. Hujambo wewe na shemeji? Goti lako je, bado linatabiri mvua kuliko redio? Mimi mwili ni mzima, ila tangu wiki iliyopita hata chai hainishuki.

Kazi yangu unaijua: siku za mapumziko niko huku bwenini nchi kavu, siku za kazi nakaa kwenye mtambo wa gesi katikati ya bahari, naongea na meli kwa redio ili zisitusogelee. Kuna nahodha mmoja wa meli ya mafuta ana mazoea ya kukata njia karibu yetu. Nimemwonya mpaka nimechoka. Jumanne alfajiri nikamwambia, nusu hasira nusu utani, kwamba kuna boti ya watu wenye bunduki upande wake wa kulia.

Meli iligeuka ghafla. Baharia aliyekuwa kwenye ngazi akaanguka, akavunjika uti wa mgongo. Madaktari wanasema hatatembea tena.

Kumbe kuna sheria. Imebandikwa miaka yote kwenye ukuta wa chumba cha kulia, nasi tukiisoma huku tunatafuna, tukidhani ni ya maharamia peke yao. Juzi nimeisoma nimesimama. Kuteka meli, kulipua mtambo, na chini yake kidogo: kutoa habari za uongo zinazohatarisha chombo. Kifungo chake ni miaka mingi kuliko umri wangu. Mdomo uliponza kichwa, Dada, na kichwa chenyewe si changu.

Polisi wamemkamata Kijiko, mwenzangu tunayepokezana zamu, yule niliyekuambia anakula kwa niaba ya watu wawili. Sisi tuna mtindo wetu: anayeingia husaini kitabu cha zamu dakika ishirini kabla ya saa, ili anayetoka awahi kula kabla ya foleni. Kanuni zinakataza, lakini wote tunafanya. Kijiko alisaini, akaenda kunawa uso. Mimi nikabaki kitini, nikasema niliyoyasema. Kitabu kinaonyesha zamu ilikuwa yake, na sauti iliyonaswa melini ina mikwaruzo mitupu.

Naogopa, Dada. Wakipiga hodi kwa jirani, mimi naruka. Jana nilimwona askari dukani ananunua vocha ya simu tu, nikageuza njia.

Jioni yake mke wa Kijiko akaja mlangoni kwangu. Hata kiti sikumpa, kwa aibu. Alisema mumewe hajamtaja mtu.

“Kaniambia nisikulazimishe, shemeji. Anasema mwenye maneno yake atayasema mwenyewe.”

Kisha akaniuliza kama nimekula.

Nimepanga kwenda kituoni kesho asubuhi. Lakini wewe uliyekuwa ukinisindikiza chooni utotoni unaujua woga wangu. Naweza kufika getini nikarudi. Mwambie Mama kabla hajasikia kwa majirani, ila mwache ale kwanza.

Nisalimie shemeji, wapwa zangu wote wawili, na binamu fundi saa. Mungu awalinde na kila baya, nami anitie nguvu za miguu.

Barua hii siipeleki posta mimi. Nampa mke wa Kijiko aitume, na bahasha sitaigundisha.

Wako akupendaye,
Kitindamimba wenu.