Nimemwekesha Kuku, Sasa Anataka Tenga Lake

Mshauri wangu mpendwa, shikamoo. Naomba unisaidie maana moyo umegawanyika, na hapa kijijini Mkiwa kila ninayemuuliza ana upande wake. Mimi ni mama wa watoto wanne, Mnyaturu, na baba yangu alikuwa na ng'ombe wengi akawagawia kaka zangu, sisi wasichana tukabaki kukamua tu, lakini huko kwenye kukamua ndiko nilikojifunza alivyokuwa akiwekesha ng'ombe kwa watu, kwamba unampa mwenzako anatunza, maziwa na mbolea vinakuwa vyake, na wakizaana naye anapata ndama wa kwake, basi biashara ilipoachiwa huria na watu wakaacha kuogopa kuitwa walanguzi nikasema ng'ombe sina lakini kuku ninao, nikawekesha matetea kwa wanawake wa hapa na wa vijiji vya jirani, na Mama Rahma, yule mfanyabiashara wa Singida mjini mwenye hoteli ya chai hapa njia panda, akanitambulisha kwa madereva wa malori, na leo, mshauri, kuku wangu wanaliwa Dar es Salaam, nyumba nimeezeka bati, na kaka yangu Yeremia aliyekuwa akinicheka ndiye anayekuja kuniomba nauli.

Tatizo ni Jenipher, mke wa jirani yangu, ambaye kuku niliomwekesha wamezaana kuliko kwa wengine wote, nami sikuwahi kumwonea, kila mwaka namnunulia kitenge na mche wa sabuni badala ya kumpa kuku, kwa sababu waliokua wote nilikuwa nawahi kuwapakia. Juzi alikuja kwangu, akakataa hata chai, akasema, "Dada, mwaka huu sitaki kitenge. Nipe matetea wangu, na mimi nipakie tenga langu kwenye lori." Niliona kama amenipiga kofi. Yeremia anasema mila iko wazi, mwenye mifugo anaichukua siku yoyote, niende nikabebe wote mpaka vifaranga, tuone kama atafika popote. Nikimwacha atanichukulia wateja, nikimnyang'anya roho itanisuta. Lakini mimi nilijitoa mwenyewe kwenye umaskini kwa jasho langu, kwa nini yeye asijitoe? Nifanyeje?

Mama Peniel, Mkiwa

Mama Peniel, marahaba, na kwanza pokea pongezi zangu. Binti aliyenyimwa ng'ombe akachukua akili ileile ya ng'ombe akalisha nayo Dar es Salaam, hilo nalishangilia, na ningekuwa karibu ningekuja kupiga vigelegele mlangoni kwako.

Sasa kaa nikuseme. Unasema ulijitoa mwenyewe. Kuwekesha ulikukuta kwa baba yako. Madereva ulipewa na Mama Rahma, ambaye angeweza kukufukuza pale njia panda akaendelea na chai yake. Na hiyo biashara huria haikuletwa kwa ajili yako peke yako. Jasho ni lako, sikatai, lakini Jenipher naye ametoka jasho, na bado hana hata kuku mmoja wa kumwita wake. Unajua kwa nini? Kitenge hakitagi, wala sabuni haiatamii. Mila ya kuchukua mifugo umeikumbuka, ile ya kumpa mtunzaji wa kwake umeisahau. Ndivyo ulivyofanyiwa nyumbani kwenu, ukamue wewe, wamiliki wengine. Naona uchungu kukuandikia hivi, ila ni kweli.

Eti atakuchukulia wateja. Jiji zima lile linakula kuku, wewe unaogopa tenga moja. Usimtume mtu. Nenda mwenyewe kwa Jenipher, mchague pamoja matetea wake wa miaka yote, wenye afya, na Yeremia awepo ashuhudie. Wale uliomwekesha mwanzo wabaki kwake kama mnaelewana. Bei kubalianeni kabla lori halijasimama, dereva asije akawachonganisha. Kisha mpeleke kwa Mama Rahma, umtambulishe kwa jina lake kama mfanyabiashara mwenzako.

Na siku matenga yenu yakipakiwa pamoja, mwangalie kaka yako usoni bila woga. Yeye alirithi zizi zima na hajamwinua mtu. Wewe uliyenyimwa ndiye leo unayegawa mifugo. Tembea kifua mbele.