Tundu Lenye Rangi Nyekundu

Mtaa wa Elm 418,
Lima, Ohio.
9 Novemba 1975

Mpendwa kaka Merle,

Hujambo huko Arizona? Kifua kinaendeleaje tangu uhamie kwenye hewa kavu? Sisi tu wazima, isipokuwa Arlene wangu na goti lake lile lile.

Barua yako imenitia simanzi. Umesema mikono inatetemeka siku hizi, niiuze rivolva yako, ile bastola ya shabaha uliyoniachia. Nikampata mnunuzi, mzee mmoja wa klabu yetu ya shabaha, akataka kwanza aone inavyopiga.

Unakumbuka nilivyokuwa nikikusimanga? Miaka ishirini na miwili unanishinda kila Jumamosi, na mimi nadai, "Si wewe bwana, ni chuma chako!" Mama alikuwa akinivuta kando: "Verlin, msifu ndugu yako hata mara moja." Sikumsikia. Amekufa akingoja.

Sasa klabu ina kibanio cha kufungia bastola, ipigwe bila kushikwa na mkono wa mtu. Hakipumui, hakipepesi macho, wala hakioni haya mbele ya watu. Nikaifunga yangu, yadi hamsini, risasi sita. Biskuti moja ingefunika alama zote. Nikafunga yako: tano zikatawanyika upana wa kisosi, ya sita ikaenda zake kushoto.

Nikadhani nimekosea kuifunga. Nikarudia, ikapotea moja vile vile. Kufungua silinda wanamokaa risasi, naona kwenye tundu la ile iliyopotea mabaki ya rangi nyekundu ya kucha ya Mama. Ee Mungu wangu! Rangi ile niliyokutania kwayo mbele ya klabu nzima: "Kaka, na midomo utapaka lini?" Ukacheka tu. Mashindanoni tunapiga risasi tano tano, na silinda ina matundu sita. Lile bovu ulikuwa unaliacha tupu, na hukulalamika hata siku moja. Mimi mwenye bastola nzuri ndiye niliyelalamika.

Mnunuzi nimemrudisha kwao. Rivolva siiuzi ng'o. Tundu nimelipaka upya kwa rangi ya Arlene, naye kanicheka mpaka machozi.

Njoo Juni, kaka. Hutapiga, utakaa kitini. Nami nitasimama mbele ya wote walionisikia miaka ile, niseme ulinishinda kwa mkono wako. Kisha twende kaburini tukamwambie Mama.

Msalimie sana shemeji Lois, na Connie na mumewe. Mungu akutunzie hiyo mikono. Hata ikitetemeka, sijaona mingine kama hiyo.

Mdogo wako akupendaye, aliyechelewa kusema,
Verlin