Wimbo Mmoja Mara Mbili

Nyuma ya duka la samaki,
Batrun, Lebanoni.
Jumapili, 18 Februari 2018

Mpendwa shemeji Shafik,

Pokea salamu zetu, na baridi kidogo juu yake, maana mvua haijakata tangu Jumanne. U hali gani huko Sidni? Goti lako je, umelipeleka kwa daktari au bado unalipaka mafuta ya zeituni na kuisingizia hali ya hewa? Hanan hajambo? Nasikia huko kwenu sasa ni joto kali. Kunywa maji, na usipande ngazi kusafisha paa, umri umekwenda.

Mimi mzima, ila presha. Salim wetu yuko Kuwait na kazi zake, hupiga simu kila Ijumaa. Malimau yamezaa mwaka huu mpaka matawi yanainama, na sina wa kumgawia.

Barua hii anakuletea binti wa jirani anayesafiri kuja huko, pamoja na kifuko cha zaatar ya kunyunyizia mkate wako. Usiniulize kwa nini sikupiga simu. Tukipiga simu ndugu yako Wajdi huwa yuko pembeni anasikiliza, na ninalotaka kukuambia ameniapisha nisilitamke, kwako wewe hasa. Alinishikisha picha ya mama yenu ndipo nikaapa. Basi sijatamka, nimeandika. Mungu atanisamehe, na mama yenu tutabishana huko huko tutakapokutana.

Shemeji, ndugu yako anasahau. Sisemi kusahau funguo, hilo hata mimi. Mwezi wa kumi na moja alitoka asubuhi kununua mkate, akarudi nao. Baada ya nusu saa akatoka tena, akarudi na mkate mwingine. Alipokwenda mara ya tatu, muoka mikate akanipigia kuuliza kama tumefiwa. Daktari amempima. Anasema ugonjwa ndio kwanza unaanza, na kwamba hauna kurudi nyuma. Wahenga walisema mficha maradhi kilio humfichua, lakini kamwambie ndugu yako.

Ile bendi yao ya kupiga kopi za nyimbo za watu bado ipo. Siku hizi wanapiga Alhamisi jioni kwa Rizkallah, amefungua baa pale palipokuwa duka la baiskeli. Bahij akishamaliza kung'oa watu meno hukaa kwenye kinanda, binti yake Maysam ndiye mpiga ngoma, na Wajdi hupiga gitaa lake na kuimba. Katika wote hao Bahij peke yake ndiye anayejua. Wajdi ameshaniambia: siku atakayoharibu mbele za watu, gitaa analitundika ukutani na basi. Namjua, akiliacha atakaa dirishani na ugonjwa utammaliza upesi. Ndiyo maana Alhamisi iliyopita nilimfuata, mimi nisiyependa moshi wala kelele.

Nilikaa meza ya mbele, roho juu juu. Rizkallah akaniwekea karoti za limau na kibakuli cha turmus, zile kunde za maji ya chumvi, nikawa namenya zile punje na kuzipanga tu bila kula. Kila wimbo ulipoanza midomo yangu iliyatangulia maneno, kama mama anayemlisha mtoto. Nilikuwa nimemwandikia mashairi yote kwenye karatasi nikamtia mfukoni mwa shati. Lakini bila miwani hasomi, na miwani mbele za watu haivai. Kiburi mnacho nyote wawili, mmezaliwa nacho.

Zikapita nyimbo sita, salama. Wa saba akapiga ule wenu wawili, ule mliokuwa mkifungia harusi za watu. Aliuimba vizuri, shemeji, hakuacha hata neno. Watu wakapiga makofi nami nikaanza kupumua. Hapo hapo umeme ukakatika.

Mwenyewe unajua kwetu hilo si jambo. Saa mbili kamili umeme wa serikali unaondoka, na jenereta ya mtaa inachukua muda kidogo kushika. Bendi ikiwa katikati ya wimbo, Maysam huendelea kupiga na baa nzima ikaimba gizani mpaka spika zirudi. Safari hii ilikuwa kati ya wimbo na wimbo, hakuna wa kumshika mkono. Rizkallah akazima hita ili jenereta iweze kubeba spika, taa zikawaka, nikamwona Wajdi anazitazama nyuzi kama mtu aliyeamshwa usingizini. Akaanza kupiga. Wimbo ule ule, kuanzia mwanzo.

Jamaa mmoja pale kaunta akapaza sauti, "Mzee Wajdi, hicho kiporo tumeshakila!" Watu wakacheka. Bahij hata kichwa hakuinua. "Na utakirudia," akamjibu, "maana mara ya kwanza umeitikia vibaya." Kisha akaingia na kinanda chake, Maysam akafuata. Watu wakadhani ni utani wa bendi, wakaanza kupiga meza. Nikasema moyoni, tumepona.

Hatukupona. Wajdi alisogea upande wa kulia wa kipaza sauti, akaacha nafasi kushoto kwake, akaanza kuimba sauti ya pili. Ile ya chini, shemeji, aliyokuwa akiimba wewe ukiwa juu. Akageuza uso kushoto, anatabasamu, anakungoja. Ubeti mzima ukapita hauna sauti ya kwanza, na yeye anakutikisia kidevu uingie. Miaka thelathini na nne tangu msimame pamoja. Mara mbili ulizokuja tulikuwa na mazishi, hakuna aliyeimba.

Sijui nani aliniinua. Unajua hata kanisani mimi hufungua mdomo tu ili watu wasiseme. Nilikwenda nikasimama mahali pako, nikaimba sehemu yako. Naijua yote, si ni mimi niliyekuwa nawapikia kahawa mkifanya mazoezi? Niliimba vibaya, sauti ikapasuka mara mbili, lakini yeye aliposikia tu kuna mtu juu, akatulia na kuimba yake bila kosa. Tukamaliza. Watu walishangilia, wengine wakasema tumependeza, mke na mume. Nikacheka nao.

Tulirudi kwa miguu, gitaa nimelibeba mimi. Tulipofika karibu na kanisa akasimama, amekunja uso.

"Wadad," akasema, "Shafik leo ana nini? Sauti ilikuwa mbovu kweli kweli."

"Mafua, baba Salim."

"Mwambie apumzike. Alhamisi ijayo nataka aje mzima."

Basi nimekuambia, kama nilivyoagizwa. Umesema utakuja kiangazi cha huku kwetu, ukishapata likizo na tikiti ikishuka. Usingoje kiangazi, shemeji. Kwa koo langu hili naweza kusimama pale kila Alhamisi, sioni aibu tena. Siogopi wimbo kurudiwa, wala jamaa wa kaunta. Naogopa siku atakayouimba ule wimbo asigeuke kushoto.

Nisalimie sana Hanan, na watoto, na huyo mjukuu ambaye hatujamshika. Bahij anakusalimu na anasema lile jino ulilomkimbia nalo bado analingoja. Maysam pia anakusalimu, ingawa alizaliwa wewe umeshaondoka. Mwenyezi Mungu akufungulie njia na akulinde angani na nchi kavu.

Ni mimi shemeji yako nikupendaye, mwenye sauti mbovu,

Wadad

Nyongeza: Ukija, usianzie nyumbani, atakuuliza ulikuwa wapi na utashindwa kujibu. Shuka siku ya Alhamisi, pitia kwa Rizkallah kabla ya saa mbili, usimame kushoto.