Ng'ombe Waliopita Bila Kusalimia

Walikale, tarehe 6 Septemba 2021

Mutoto wangu Noëlla,

Natumaini kikohozi cha mama yako kimetulia, na mvua haikuozesha maharagwe ya Kingi. Sisi tuko wazima. Mama Jeannette bado anaulalamikia muhogo wa huku, kana kwamba tumefika jana kutoka Burungu. Anaulalamikia na kuumaliza.

Unauliza kama kweli mimi na rafiki yangu Émile tulichora kwa kompyuta. Ni kweli. Tulipokimbilia Goma kutoka Burungu wakati wa vita, tulipata kazi katika secrétariat public, kuwapigia watu barua zao na kufanya fotokopi. Wateja wakikosekana, tulitengeneza michoro inayotembea, yenye muziki. Hatukuhifadhi picha yoyote: tuliandika maagizo, mashine ikachora yenyewe. Sheria ilikuwa moja: kazi nzima isizidi kilo-octet nne, nafasi isiyotosha hata picha ya pasipoti. Ndiyo maana tulijiita Kilo Nne. Kulikuwa na wenzetu Bukavu, Butembo na Kisangani. Tulitumiana disketi kwa mikono ya wasafiri. Na desturi ilikuwa kwamba kila kazi imalizike kwa salamu: majina ya wachoraji wengine yakipita chini ya skrini, polepole, ili kila mwenye jina alisome.

Kisha simu zikaja, watu wakataka video. Émile sasa anauza simenti. Constance, fundi wetu wa muziki, alienda Kampala akanyamaza. Kazi yangu ya mwisho, mwezi ukipanda juu ya Burungu, imekamilika zamani, isipokuwa salamu. Nikifika hapo vidole vinasimama. Nimsalimie nani?

Unaomba wanafunzi wako watumie jina letu katika maonyesho ya shule wakati wa Pasaka. Védaste wa pikipiki anakuletea clé ya USB yenye kazi zetu zote, pamoja na ule mwezi. Jifunzeni kwanza. Jina nitalitoa nikiona kazi yenu. Afadhali life pamoja nami kuliko litembee bila mwenyewe.

Papa mudogo wako,
Marcellin


Kingi, tarehe 17 Oktoba 2021

Papa mudogo,

Jambo sana, wewe na Mama mudogo Jeannette. Mama amepona. Anasema Mama mudogo akichoka na muhogo ya huko, Kingi iko na sufuria.

Nilionyesha wanafunzi ule mwezi wako. Mbonigaba, ule wa mudomo, akaangalia ukubwa ya faili akacheka: «Madame, hii iko kidogo kuliko jina ya babu yangu!» Kisha vilima vikapanda, mwezi ukatoka, muziki ukaanza. Hakuna aliyecheka tena. Mapendo akazunguka nyuma ya mashine kuangalia kama kuna kitu tumeficha.

Tunatumia kompyuta za shule wakati jenereta iko na mafuta. Tumechora ng'ombe za Burungu zikishuka kilima. Papa, miguu ilitaka kutuua! Ukisogeza mumoja, ingine inavunjika. Lakini imeingia, yote, katika kilo nne. Niliwapigia makofi mpaka directeur wa shule akakuja kuuliza nani anaolewa.

Iko kwenye clé. Angalia, utuambie. Wanangojea jina.

Binti yako,
Noëlla


Walikale, tarehe 9 Novemba 2021

Mutoto wangu,

Salamu kwa mama yako, na asifu sufuria yake taratibu. Mke wangu ameanza kufunga mizigo.

Nimewaangalia ng'ombe wenu mara nyingi. Kilima ni chenyewe: niliona mahali ambapo baba yako alikuwa anawawekea ng'ombe chumvi. Miguu ni ya mafundi. Mama Jeannette aliita majirani.

Halafu kilima kikatoweka, skrini ikawa nyeusi, na hapakuwa na kitu. Ng'ombe wenu wamepita bila kutusalimia. Nilifungua maagizo nikaona kwamba sehemu ya salamu mliikata ili miguu ipate nafasi. Noëlla, kwetu muntu hapiti mbele ya nyumba akiwa kimya, hata akiwa amebeba muzigo kichwani. Kateni miguu, musikate salamu.

Jina siwezi kulitoa.

Papa mudogo wako,
Marcellin


Kingi, tarehe 20 Machi 2022

Papa mudogo,

Habari ya siku nyingi? Afya yako? Magoti ya Mama mudogo? Sisi tuko salama.

Nilinyamaza kwa sababu nilikasirika; heri nikuambie. Watoto walilia. Nilisoma barua yako mbele yao, na Mbonigaba akasimama: «Huyu muzee anataka tusalimie nani? Sisi hatujue muntu hata mumoja anafanya hii kazi!»

Nilitaka kumukemea. Kisha nikakumbuka wewe mwenyewe uliandika hivyo hivyo.

Basi tukatafuta. Mapendo ana dada Sake. Huko kuna kijana fundi wa simu anachora kwa maagizo, alifikiri iko peke yake duniani. Yeye akatuonyesha wawili wa Kitchanga. Hao wakatuambia kuna Élisabeth, anashona nguo nyuma ya soko ya Walikale, mitindo yake anaichora kwa simu kwa njia yetu. Walikale, Papa! Kwako! Kila tuliyempata aliuliza kitu kimoja: kuna wengine?

Ikabaki shida ya nafasi. Majina yakawa mengi, na miguu ilikuwa imekula yote. Tulipigana wiki nzima. Kisha Mapendo, ambaye baba yake ni muchungaji wa ng'ombe, akasema: «Lakini ng'ombe yenye imeshiba inalala.»

Sasa zimelala kwenye kilima, zinacheua. Miguu haionekane. Angalia mpaka mwisho.

Binti yako,
Noëlla


Walikale, tarehe 5 Aprili 2022

Mutoto wangu Noëlla,

Magoti ya Mama yako mudogo yako vizuri kuliko yangu. Mwambie mama yako atandike kitanda: barabara ikiruhusu, tutakuwa kwenu Pasaka, na sufuria tutaipima.

Nimeangalia mpaka mwisho. Ng'ombe aliyelala akicheua ni ng'ombe ambaye hakuna anayemfukuza. Tangu niondoke Burungu sijaona picha yake iliyo bora kuliko hiyo. Kisha majina yakaanza kupita. La Émile, la Constance, langu. Baada ya hapo yakaja mengine, na mengine, na sikumjua hata mumoja. Niliyasoma kwa sauti, Mama Jeannette akiuliza kila mara: «Huyo ni wa nani?» Nikajibu: «Wa kwetu.»

Kesho yake nilienda nyuma ya soko. Élisabeth alikuwa kwenye cherehani. Hakusimamisha mguu. «Papa, ni wewe ule muzee wa salamu?» Nikakubali. «Basi salimia,» akasema, na wateja wake wakacheka. Sasa anakuja kwetu kila Jumapili baada ya ibada, na ananikosoa.

Jina ni lenu. Andikeni Kilo Nne kwa herufi kubwa, kama nafasi inatosha.

Ile kazi yangu pia imekwisha. Iko kwenye clé hii. Niliweka majina yenu wote, wa Kingi, wa Sake, wa Kitchanga, na huyu wa cherehani, na hayakuenea katika kilo nne. Nilipunguza muziki, bado. Nilifuta nyota, bado. Mutaona kilima cha Burungu chini ya anga tupu, na ninyi mukipita.

Nimeuondoa mwezi.

Papa yenu mudogo,
Marcellin