Akiba ya Nyumba Namba Tisa

Tata,

Watu wa Kamachumu wanakusalimu, baba yangu. Mitambo ya jua uliyoilinda bado iko pale kilimani. Nikija kutoka Bukoba nazifuta paneli mwenyewe, na hakuna anayezikaribia betri bila kukohoa kwanza, kana kwamba ungali mlangoni.

Umeme sasa unagawiwa na ile programu niliyoiandika kwa kujifundisha mwenyewe. Wewe ulikuwa unagawa kwa mkono: wingu likija unazima mashine ya kusaga, halafu saluni; zahanati huigusi. Siku ya mpira ukazima nyumba ya jirani yetu Mzee Rwegasira kwa kuwa anashabikia timu isiyo yako. "Hilo ni wingu la kwake peke yake," ukasema. Programu haina timu. Inatazama kila nyumba inatumia umeme kiasi gani na saa ngapi, inakisia mahitaji ya siku zijazo, na inaweka akiba kwenye betri kabla watu hawajahitaji. Ukaniuliza nani anaiambia. Nikajibu hakuna, inajifunza. "Basi angalia inajifunza nini."

Sikuangalia.

Siku tuliyokuzika mvua ilinyesha tangu asubuhi. Taa za turubai, spika za kwaya, simu za ndugu wa Muleba nzima zikichajiwa sebuleni, na umeme haukutetereka. Watu wakasema mzee amejiandalia. Nami nilijivuna, hadi nilipofungua kumbukumbu za programu. Akiba ya nyumba yetu ilianza kuwekwa siku nne kabla. Siku nne kabla, Tata, ulikuwa unakula na kumgombeza Mama kuhusu chumvi.

Nilitafuta kosa wiki nzima. Hakuna kosa. Misiba miwili kabla ya wako iliifundisha: redio inayolia saa nne asubuhi wakati watu wako shambani, birika linalowashwa mara sita kwa siku, pasi isiyoguswa Jumapili. Kisha, baada ya siku chache, umeme mwingi kwa mkupuo. Haijui ugonjwa wala kifo. Inajua mahitaji. Nikaiacha. Nilijiambia msiba nao unataka taa.

Juzi mwenye mashine ya kusaga akanipigia. "Wewe binti wa fundi, kompyuta yako inanichukia? Jua linawaka, mimi nimezimwa, akina mama wamekaa na mahindi yao kama wanasubiri sadaka!"

Nikafungua kompyuta hapa Bukoba. Umeme wake unawekwa akiba kwa ajili ya nyumba namba tisa. Yetu. Na anayeishi humo sasa ni Mama peke yake.

Nikampigia. "Niko salama, mwanangu, ni mafua tu. Wewe umekula?" Nyuma yake redio ilikuwa inasoma matangazo ya vifo. Saa nne asubuhi.

Mwenye mashine nimemdanganya kwamba betri moja inasumbua. Ningemwambia nini? Jana nilifuta akiba ile. Leo asubuhi imerudi, kubwa kuliko jana.

Naandika haya nikisubiri gari nililoazima. Mama atauliza migomba yake anamwachia nani, na atanitukana kwa Kihaya chote alichozaliwa nacho. Nitamtoa hivyo hivyo, nimlete hospitali hapa mjini. Nimeogopa, Tata. Sijawahi kuogopa kitu nilichokiandika kwa mkono wangu.

Kuna jambo moja ninalolishikilia. Nimepitia upya mifano yote mitatu iliyoifundisha, wa kwako ukiwamo. Hakuna hata mmoja aliyepelekwa hospitali mapema. Wewe ulisema ni uchovu, nami nikakuamini kwa sababu kukuamini kulikuwa rahisi kuliko kupanda gari. Kwa hiyo programu haijui kwamba mtu anaweza kuugua akapona. Haijawahi kuonyeshwa.

Nakuahidi Mama ataionyesha. Atakaa hospitali mpaka awe mzima, atarudi kwenye nyumba yake, atapiga pasi gauni la kanisani, na akiba ile itakaa kwenye betri bila mtu wa kuitumia. Na wewe, ukimwona anakuja huko kabla ya hapo, usimfungulie.

Gari limefika. Pumzika, Tata.

Mwanao,
Kokushubila